Begi Limo Chumbani Wiki ya Tatu, Sijalifungua

BARUA

Assalaam alaykum Mshauri,

Mimi ni mwalimu mstaafu wa hapa Wete, Pemba, umri wangu miaka 63. Nimesomesha skuli ya msingi miaka 34, nikastaafu nilipotimiza 60. Mume wangu alitangulia mbele ya haki miaka sita iliyopita. Mungu alitujaalia watoto watatu. Mkubwa ni mwanamke, ameolewa Muscat na ana wanawe wawili wa skuli. Wa pili ni mwanamme, yuko Dar es Salaam, Mbagala. Mdogo yuko Unguja, bado anatafuta maisha.

Tangu nistaafu sikai pahala pamoja zaidi ya miezi minne. Mwaka huu niliondoka mwanzo wa Machi kwenda Muscat, nikapitia Mbagala wiki tatu mke wa mwanangu alipojifungua, nikarudi Wete mwisho wa Juni. Binti yangu anataka niende tena Novemba. Sitasema uongo, safari nazipenda. Maisha yangu yote nilikwenda kwa kengele ya skuli, na sasa napanda boti Mkoani na chupa yangu ya chai, sina ninayemchelewea. Tabu yangu ni kurudi.

Safari hii nilifungua mlango nikapokewa na harufu ya kuvu. Godoro nililiacha limelala kitandani, upande wa ukutani limefanya madoa meusi. Friji niliizima nikaifunga vizuri, kumbe ndani kumeota. Mwimo wa mlango wa uani una njia ya mchwa mpaka juu. Kijana wa dada yangu niliyemwachia ufunguo alikuja kufungua madirisha mara mbili tu muda wote huo.

Hayo ya nyumba yanasafishika. Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, tuliyekuwa tukisuka naye ukili wa mikeka kila alasiri barazani, alifariki Aprili. Habari niliipata kwa simu, nikalia peke yangu kwenye chumba cha kiyoyozi. Bunda la ukili wetu liko juu ya kabati langu, limekauka, ukilishika linavunjika. Bintiye tukikutana njiani ananiamkia vizuri, lakini kwao sijaingia. Naona haya. Miezi imepita, nitasema nini?

Darsa ya Jumatano ya akina mama niliyokuwa nikiisomesha mimi, sasa anaisomesha mwengine, na anasomesha vizuri. Kwenye upatu nilichelewa kutuma miezi miwili, zamu yangu ikarukwa, na mzunguko mpya wameuanza bila ya mimi. Hakuna aliyenikosea. Kila ninayekutana naye ananiambia, "Karibu, umerudi! Unaondoka lini?" Hilo la mwisho ndilo linalonikata.

Begi langu limo chumbani chini, zipu iko nusu. Nikitaka nguo natoa humo, nikishafua narudisha humo humo. Juzi mtoto wa jirani alilichungulia akaniuliza, "Bibi, unakwenda leo?" Nikakosa jibu.

Watoto wamekaa kikao cha simu. Wanasema niuze nyumba, nizunguke kwao watatu bila ya mzigo. Kaka yangu anasema kinyume: nibaki Wete, umri wa kupanda ndege umekwisha, na mikarafuu 40 niliyorithi kwa baba inataka mwenyewe. Mimi nikiwasikiliza naona wote wana haki. Nina presha, nameza vidonge kila siku, na safari moja nilivikosa siku tano kwa sababu begi lilichelewa kufika.

Niache safari au niache nyumba? Na mtu anaishi vipi hapa katikati, safari moja imekwisha na nyengine haijaanza?

Msafiri wa Wete

JIBU

Waalaykum salaam Mwalimu, na shikamoo.

Umeuliza mawili. La kwanza, la nyumba au safari, naona umeletewa na watoto na kaka. La pili ni lako mwenyewe, na umeliweka mwisho kama mtu anayeomba radhi kwa kuuliza. Ruhusu nianze na hilo, kwa sababu ukiamua la kwanza hali begi bado liko sakafuni, utakuwa umeamua ukiwa na uchungu wa kurudi, na uchungu huo hupungua.

Umesema unaishi katikati ya safari. Tazama kalenda: umefika mwisho wa Juni, unatakiwa Novemba. Hiyo ni miezi minne, mirefu kuliko muda uliokaa Muscat. Wewe umesomesha darsa, hili unalijua kuliko mimi: kwa madhehebu yetu ya Shafi, musafiri akinuia kukaa siku nne kamili, siku ya kuingia na ya kutoka hazihesabiwi, ruhusa ya kupunguza sala imemwondoka. Sala zako hapo Wete unazitimiza bila ya shaka. Vipi vitu vyengine vyote, nguo, urafiki, ahadi kwa watu, bado unavipunguza?

Nadhani begi halifunguliwi kwa sababu kulipanga upya kunachosha, basi tenganisha mambo mawili. Uwe na mkoba mdogo ambao haufunguliwi kabisa: pasipoti (angalia ibakishe zaidi ya miezi sita, nchi nyingi hazikupokei chini ya hapo), kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, miwani ya akiba, chaja, na karatasi ya dawa zako. Mkoba huo ukae pahala pamoja siku zote. Begi kubwa lifunguliwe, lifutwe kwa kitambaa kikavu, liwekwe juani nusu siku, ndipo lipande juu ya kabati. Usipolianika, litaota kuvu kama godoro, na safari ijayo nguo zitanuka.

Na ile "Unaondoka lini?" Huenda unaisikia vibaya. Kwetu mtu anauliza hivyo kwa sababu ana harusi mwezi wa Septemba, ana hitma, ana upatu, anataka kujua akutie kwenye hesabu au asikutie. Ukimjibu "sijui, Mungu akipenda", atakuacha nje kwa kukuhurumia. Jaribu kumjibu kwa tarehe: "Nipo mpaka Novemba." Hata yule mtoto aliyechungulia begi, mwambie hivyo hivyo. Tarehe ikishajulikana, watu wanaanza kukupa kazi, na wahenga hawakukosea waliposema mgeni siku ya tatu apewe jembe.

Kazi zenyewe ziwe na mwisho. Darsa usiidai, kwa kuwa umekiri mwenyewe kwamba mwenzako anaisomesha vizuri, lakini unaweza kumwomba akuachie mlango mmoja, tuseme wa twahara, kwa Jumatano nane. Unaanza na kumaliza kabla hujaondoka, na hakuna anayebaki akikungoja. Upatu nao, mzunguko ukianza tena, omba namba ya mwisho. Anayesafiri akichukua za mwanzo kisha michango ikachelewa, watu wanamwona kala akaondoka. Mchango utume kwa simu siku mbili kabla, na mtu mmoja wa kikundi awe na namba ya mwanao wa Unguja.

Sasa nyumba. Kuvu, godoro na friji ulivyovikuta vina sababu zake, na karibu zote zilianza siku uliyofunga mlango. Uliondoka mwanzo wa Machi, yaani uliifunga nyumba masika yote. Saruji na udongo wa ukuta hunywa unyevu, hewa haitembei, na sponji iliyogusa ukuta inaunyonya. Siku ya kuondoka godoro lisimamishwe kwa ubavu katikati ya chumba, kitanda kisogezwe shibiri moja kutoka ukutani, milango ya makabati iachwe wazi. Friji uizime siku moja kabla, barafu iyeyuke yote, uifute mpaka ikauke, kisha mlango uuzuie kwa kijiti usijifunge. Ukiifunga "vizuri" ndipo inapoota. Tangi la maji ulimwage au ulifunike pasiwe na upenyo hata wa mbu, na mtungi wa gesi ufungwe juu kwenye koki.

Madoa yaliyopo usiyasugue makavu, vumbi lake linaingia kifuani. Funga kitambaa puani, pangusa kwa maji ya sabuni, acha pakauke. Ukitumia jiki, usiichanganye na siki wala dawa nyengine ya kusafishia, mvuke wake ni sumu. Godoro ulitoe juani pande zote mbili siku tatu nne. Likibaki na harufu, liage, kwa sababu litakuletea kifua. Njia ya mchwa ivunje kipande kidogo karibu na sakafu ukaangalie baada ya siku chache. Ikiwa imejengwa tena, mchwa wako hai chini, na kupaka rangi mwimo hakutasaidia kitu mpaka itiwe dawa pale wanapotokea.

Kijana wa dada yako sidhani kama ni mbaya. Aliambiwa "uwe unafungua", na neno hilo halina siku wala saa. Mpe kazi kamili: mara mbili kwa wiki, siku isiyo ya mvua, kuanzia saa nne asubuhi jua likishapanda mpaka saa nane, afungue madirisha yanayoelekeana upepo upite, afungue mifereji maji yaliyolala yatoke, akutumie picha ya kila chumba. Mlipe kwa kila mara anayofungua, hata kidogo. Akutazamie pia matangazo, maana ukifanywa uhakiki wa wastaafu nawe huna habari, pensheni yako inaweza kukwama mpaka ujitokeze. Sheha, kiongozi wa mtaa wenu, naye aambiwe unapoondoka na unaporudi.

Kuhusu kuuza, kabla ya yote nina swali moja, na nakuuliza kwa upole: mirathi ya marehemu mume wako imeshagaiwa? Unasema "nyumba", na watoto wanasema "uza", kama kwamba ni yako peke yako. Ikiwa ilikuwa ya marehemu, fungu lako wewe mke mwenye watoto ni thumuni, moja katika nane, na kinachobaki ni cha warithi wengine, mwanamme fungu mara mbili ya mwanamke. Ikiwa mliijenga pamoja, kilicho chako kwa jasho lako hutengwa kwanza. Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana hushughulikia mambo haya. Nenda na cheti cha kifo na karatasi zozote za nyumba. Huenda jibu likageuza mazungumzo yote, na ni afadhali lijulikane sasa mnapopendana kuliko siku fedha ziko mezani.

Tuseme mmeweza kuuza. Faida iko wazi: hakuna mchwa, hakuna ufunguo wa kumwachia mtu. Hatari yake ni kwamba utakuwa mgeni wa mwana au mkwe pande zote tatu, na siku mkipishana kauli jikoni, jambo la kawaida kabisa, huna pa kusema "naenda kwangu". Kupangisha nyumba nzima kunaleta kodi na kunaiweka hewani, lakini mpangaji hatoki kwa sababu boti yako imefika. Wengine hupangisha upande mmoja na kujibakishia chumba chenye mlango wake na choo chake. Hii inahitaji ukuta na gharama, na pia inahitaji moyo wa kuishi na watu uani. Kumweka ndugu bure ni rahisi kuanza na ngumu kumaliza: andikeni mkataba mbele ya sheha na mashahidi wawili, anakaa mpaka lini na analipa nini, hata kama ni umeme wa Tukuza, ule wa kulipia kabla, peke yake. Na popote utakapompa mtu uwakala, uwe wa jambo moja lililoandikwa. Uwakala wa kila kitu ni mlango ulioachwa wazi.

Kubaki moja kwa moja, kama anavyotaka kaka, nako kuna uzito wake. Mikarafuu yako msimu mkubwa huanza kiasi cha Julai, na ndiyo kwanza umefika, kwa hiyo mwaka huu unaweza kuisimamia mwenyewe bila ya kuamua la maisha yote. Lakini jiulize kama ni shamba linalokutaka au ni kaka anayeogopa kukukosa. Shamba linasimamika hata ukiwa nusu mbali, ikiwa unajua pa kutazama. Karafuu zichumwe kabla ya ua kufunguka. Zichambuliwe makonyo, vile vijiti vyake, na kuanikwa juu ya majamvi, zisilale rundo mbichi, maana zinapata joto, zinapauka na kushuka daraja. Mbichi kilo tatu hutoa kavu kama kilo moja, basi ukiletewa hesabu ya mbichi kilo 300 na kavu 60, una haki ya kuuliza. Ukikodisha miti kwa msimu, andika kwamba matawi hayakatwi: aliyekodi kwa mwaka mmoja haumii akikuvunjia tawi la miaka kumi. Na mikarafuu haizai sawa kila mwaka. Msimu mmoja mzuri usikufunge, na mbaya usikukatishe tamaa.

Kuna njia nyengine ambayo hakuna aliyeitaja kwenye kikao, nayo ni kubadilisha miezi badala ya kubadilisha maisha. Ukiondoka Novemba ukarudi kabla ya masika, nyumba inafungwa zaidi kwenye kaskazi kavu, karafuu nyingi zimeshauzwa, na Muscat ni baridi nzuri. Ukienda Juni mpaka Agosti, huko joto linapita nyuzi 40 na utakaa ndani mchana kutwa, kisha ukirudi unavuka mkondo wa Pemba kwenye upepo wa kusi. Tatizo ni kwamba miezi hiyo ya joto ndiyo watoto wa huko wako likizo ya skuli, na huenda ndipo binti yako anapokuhitaji hasa. Muulize wazi: anakuita kwa msaada wa watoto, au kwa kumkosa mama yake? Hilo la pili linaweza kuwa wiki sita, si lazima miezi minne. Na Ramadhani inarudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka, kwa hiyo mpango wowote mtakaoukubali mtaufungua tena baada ya miaka michache. Naona hilo ni la kawaida kwa familia iliyotawanyika, halina haja ya kumvunja mtu moyo.

Vidonge vya presha visiingie tena kwenye begi linalopakiwa chini ya ndege. Safarini vikae kwenye mkoba ulio nao mkononi, ndani ya pakiti zake, pamoja na vya wiki mbili za ziada na barua ya daktari. Kwenye karatasi andika jina la dawa yenyewe, mfano amlodipine, na miligramu zake. Pakiti za Muscat na za Wete zina majina tofauti ya kibiashara, na watu wamemeza dawa moja mara mbili wakidhani ni mbili. Ukikosa kidonge usimeze viwili siku ya pili. Kwenye ndege simama kila saa, kunywa maji. Mguu mmoja ukivimba na kuuma baada ya safari, au pumzi ikakata, hiyo ni ya hospitali saa hiyo hiyo. Na huzuni uliyonayo, ikikukosesha usingizi na chakula zaidi ya wiki mbili, mwambie daktari huyo huyo wa presha, naye ana njia ya kukusaidia.

Nimelibakisha la jirani, nadhani ndilo zito kuliko mchwa na mirathi. Unaona haya kwa kuwa umechelewa. Wanazuoni wetu wameweka taazia siku tatu, kisha wakamtoa aliyekuwa mbali: yeye wakati wake ni anaporudi. Wiki tatu zimepita tangu urudi, ndiyo, lakini bintiye anajua ulikuwa wapi, na bado anakuamkia. Nenda baada ya alasiri, saa ile mliyokuwa mkikaa barazani. Huhitaji zawadi ya Muscat. Huna la kueleza zaidi ya kwamba habari ilikufikia ukiwa peke yako.

Ule ukili usiukunjue mkavu, utakatika. Usiku unyunyizie maji, uufunge ndani ya kanga mbichi, uulaze hivyo mpaka asubuhi, miyaa, yale majani yake, italainika. Angalia pale mkono wa mama yake ulipoishia. Kama bintiye anajua kusuka, mpelekee na kichane cha miyaa mipya.